Wanafunzi na Uchaguzi wa Mada za Utamaduni

Kila mwaka ifikapo wakati kama huu, wanafunzi wa skuli zetu za sekondari na wa vyuo vyetu huanza kupeleka kwa walimu wao vichwa vya insha za utafiti. Safari hii tuliombwa, sisi pamoja na wenzetu wawili, tuzipitie insha za mwaka uliopita zilizohusu utamaduni, ili zichaguliwe chache zinazostahiki kuhifadhiwa. Kazi hiyo tuliipokea kwa furaha, kwani jambo la utamaduni tumelipenda tangu ujanani. Tuliimaliza kwa huzuni, na ndiyo maana leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tulizungumze bila ya kificho.

Rundo lilikuwa kubwa. Juu yake kulikuwa na insha yenye kichwa “Utamaduni wa Mswahili”. Chini yake “Mila na Desturi za Wazanzibari”. Chini yake tena “Athari za Utandawazi kwa Utamaduni wa Mwafrika”. Mwafrika yupi, wa Makunduchi au wa Dakar, mwandishi hakusema. Takriban zote zilianza kwa sentensi moja, kwamba utamaduni ni jumla ya mambo yote yanayofanywa na jamii katika maisha yake. Baada ya hapo zikafuata kurasa za mavazi, vyakula, ngoma, harusi na mazishi, kila jambo kwa aya mbili, na mwisho kilio cha kwamba vijana wa leo wameacha mila. Katika insha moja ya kurasa ishirini tulitafuta jina la mtaa mmoja, au mwaka mmoja, au kauli ya mtu mmoja aliyeulizwa, na hatukupata. Insha ile ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga kisiwa hiki.

Tena huenda ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi simu ya mkononi yenye programu ya akili mnemba humwandikia mwanafunzi “Utamaduni wa Mswahili” kwa muda wa kupiga chafya, na kwa Kiswahili kisicho na kosa. Wako wanaosema dawa ni kuzinyang’anya simu. Sisi hatudhani hivyo. Mada inayoweza kuandikwa na simu peke yake ilikuwa mbovu hata kabla simu hazijaja. Tofauti ni kwamba zamani ilinakiliwa kutoka katika kitabu cha maktaba, tena kwa mkono, na mtoto alipata angalau mazoezi ya mwandiko.

Hatusemi haya kwa kujiona bora. Na sisi tulipokuwa wanafunzi tuliandika insha yenye kichwa kirefu kama treni, iliyotaka kueleza mila za visiwa vyote viwili tangu enzi za Washirazi mpaka Mapinduzi ya 1964. Mwalimu wetu aliirudisha na swali moja: “Wewe katika haya umeyaona yapi?” Tulikasirika. Ilituchukua miaka kufahamu kwamba alikuwa ametuonea huruma.

Sasa turudi katika rundo letu. Karibu na chini kabisa tulikuta insha ya kurasa nane, ya msichana wa kidato cha nne, juu ya kanga zilizomo katika kasha la bibi yake. Basi hilo tu. Alizitoa moja baada ya nyingine, akaandika jina la kila kanga, yaani yale maneno yanayochapwa juu ya pindo la chini, akaandika rangi, nani aliyeitoa, katika shughuli gani, na iwapo bibi aliwahi kuivaa au aliiweka tu. Pembeni, mwalimu wake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: “Mada ni finyu mno. Haioneshi utamaduni.” Akampa alama ndogo kuliko zile alizowapa walionakili.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo, kwa sababu mwalimu yule si mtu mbaya wala si mvivu. Ameamini jambo ambalo wengi wetu tunaliamini, kwamba ukubwa wa mada ni ukubwa wa fikra, na kwamba mtoto anayeuliza juu ya kasha la bibi yake amekimbia kazi. Ni kasumba ya zamani. Tulifundishwa kwamba elimu ni kitu kinachotoka mbali, na kwamba kilichomo ndani ya nyumba zetu si elimu mpaka mgeni aje akipige picha.

Hebu basi tuangalie ufinyu wa kanga. Wanaojua historia yake wanaeleza kwamba asili yake ni leso, neno tulilolipata kwa Wareno. Katika karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua leso zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga tatu kwa mbili wakapata nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa, yenye pindo na mji. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, lilitia alama yake juu ya kanga hizo, na mabibi wengi bado wanaikumbuka alama hiyo ya “Mali ya Abdulla”. Zimepigwa chapa Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Na tangu 1968 zikapigwa chapa Dar es Salaam katika kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China. Kwa hiyo aliyeshika kanga moja ameshika pia biashara ya bahari mbili.

Kisha kuna habari ya uhuru wa mtu. Wakati wa utumwa, mtumwa mwanamke alijulikana kwa merikani na kaniki. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliziacha nguo zile wakashika kanga, na nguo ikawa ndiyo tangazo lao kwamba wao sasa si mali ya mtu. Mwanahistoria Laura Fair ameieleza habari hiyo katika kitabu chake cha 2001 juu ya starehe na siasa za Unguja. Hakuifikia kwa kuanza na “Utamaduni wa Mswahili”. Aliifikia kwa kuuliza nani alivaa nini, lini na kwa nini.

Msichana wetu hakuyajua yote hayo, wala hakuwa na haja nayo yote. Yeye aliona jambo ambalo sisi, na umri wetu huu, hatukuwahi kuliona katika kitabu chochote. Ndani ya kasha mlikuwa na kanga kongwe ya mama yake bibi, ambayo jina lake lilichapwa kwa herufi za Kiarabu. Kanga za mwanzo nyingi zilikuwa hivyo. Herufi za Kilatini zilikuja baadaye. Bibi aliisoma kanga ile bila ya kusita, kwa sababu alisoma chuoni mpaka akakhitimu. Lakini zile nyingine zote, za herufi za Kilatini, hakuweza kuzisoma hata moja, kwani skuli ya serikali hakupelekwa. Mjukuu akamuuliza: “Sasa bibi, ulikuwa unazinunuaje?” Bibi akajibu kwamba alikuwa akimwomba mwenye duka amsomee. Na siku moja mwenye duka, ama kwa haraka ama kwa ubaya, alimsomea jina silo. Bibi akaipeleka kanga kwa mkwe wake kuwa ni tunzo la arusi, kumbe maneno yake ni ya kumsuta mtu mwenye tamaa. Ugomvi ule ulikwenda mpaka sikukuu.

Ndugu msomaji atacheka, na sisi tulicheka. Lakini tuliposita kucheka tuliona kwamba mtoto huyu ameuliza swali zito: zilipobadilika herufi za kanga, nani alipoteza sauti yake? Kanga ilikuwa ndiyo barua ya mwanamke. Aliyesoma chuoni tu aliamka siku moja akakuta barua zake zimeandikwa kwa herufi za watu wengine, na kuanzia siku hiyo akahitaji mkalimani ili kusema na shoga yake. Sisi tuliopita chuoni asubuhi na skuli mchana, tukazijua herufi zote mbili, hatukupata kufikiri kwamba kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na ufa, na kwamba mama zetu walibaki upande mmoja wa ufa huo. Yote haya yametoka katika mada iliyoambiwa ni finyu.

Kwa maoni yetu, mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya utamaduni hana budi kwanza kujiuliza kama jambo lenyewe anaweza kulifikia kwa miguu yake. Mwanafunzi wa kidato cha nne hana nauli ya kuzunguka mwambao wote, hana muda, na mitihani inamsubiri. Lakini ana bibi, ana jirani fundi seremala, ana babu anayevua, ana msikiti unaosomwa maulidi. Humo ndimo alimo yeye peke yake; profesa wa ng’ambo hamo.

Tuchukue mfano wa Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Insha za sherehe hiyo tulikuta nyingi, na zote zilisema yale yale: watu hupigana kwa migomba, kibanda huchomwa moto, mgeni hukaribishwa. Haya yamekwisha kuandikwa, na kila mtalii ameyapiga picha. Mwanafunzi wa Makunduchi angetuambia nini kipya? Nyuma ya sherehe ile iko hesabu. Mwaka ule ni wa jua, wa siku 365, nao umegawiwa katika miongo ya siku kumi kumi. Miongo 36, na siku tano za ziada. Na kwa kuwa hesabu hiyo haiongezi siku kila mwaka wa nne kama inavyofanya kalenda ya ofisini, siku ya mwaka husogea polepole. Wakulima na wavuvi waliitumia miongo kujua wakati wa kupanda na wakati wa pepo kugeuka. Je, katika kijiji kimoja, leo hii, ni nani bado anaihesabu? Alifundishwa na nani? Anaihesabu kwa kichwa, kwa vijiti au kwa kuandika ukutani? Akikosea hujuaje? Mwanafunzi akikaa na wazee wawili tu, akawauliza kila mmoja kwa siku yake leo ni mwongo wa ngapi na siku ya ngapi, kisha akalinganisha majibu, amefanya utafiti. Wakikubaliana ni habari. Wakihitilafiana ni habari kubwa zaidi.

Ieleweke kwamba kupunguza mada si kupunguza maneno ya kichwa tu. “Kanga” si mada, ni kitu. “Kanga za Unguja” bado ni kitu, ila kimewekwa mahali. Mada hupatikana pale panapokuwa na swali ambalo jibu lake laweza kuwa hivi au vile, na mwandishi mwenyewe hajui litakuwaje. Anayelijua jibu kabla ya kuuliza, huyo anaandika hotuba. Hotuba tunazo za kutosha. Na sisi tulio katika Chama tunakiri kwamba nyingine ni zetu.

Maadamu tumekitaja Chama, tuongeze jambo. Kanga nyingi zimegawiwa katika mikutano na kampeni, na baadhi yake tumezigawa kwa mikono yetu wenyewe. Tungefurahi aje mwanafunzi katika shehia moja atuulizie kanga hizo zilikwenda wapi. Ngapi zinavaliwa nje, ngapi zinavaliwa jikoni, ngapi zimekatwa kuwa mbeleko na ngapi ni tambara la kupangusia sakafu. Matokeo huenda yasitufurahishe. Lakini yatakuwa yake, na hakuna simu itakayoweza kumwandikia.

Wako watakaosema kwamba waliotutangulia waliandika makubwa. Watamtaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha “Desturi za Wasuaheli” kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Ni kweli kitabu kile kinagusa mengi. Lakini Mtoro alikuwa mtu mzima aliyeishi mambo yale, na anapoyasimulia husimama kwenye jambo moja moja, hatua kwa hatua, kama mtu anayekuonesha njia ya kwao. Tena watazame Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwanachuoni aliyeifasiri Kurani kwa Kiswahili. Alipoandika juu ya mila hakuandika “Utamaduni wa Zanzibar”. Aliandika “Ada za Harusi katika Unguja”. Kichwa hicho kimefunga milango miwili kwa maneno machache: si mila zote bali harusi, wala si visiwa vyote bali Unguja. Kama mtu wa elimu ile aliona inamtosha, itakuwaje kwa mtoto wa miaka kumi na saba?

Na aliyesoma kitabu cha Terence Ranger cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni ataelewa zaidi. Ranger aliwahi kufundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliishika ngoma moja tu, ile ya vijana waliovaa mavazi ya kijeshi wakashindana, Marini upande huu na Arinoti upande ule, akaifuata kutoka miji ya mwambao mpaka bara na mpaka kusini, mahali ilikopelekwa na askari, makarani na vibarua. Kwa ngoma hiyo moja akaieleza vita, kazi ya mshahara na jinsi watu walivyojipanga katika vyama kabla ya vyama vya siasa. Angeanza na “Ngoma za Afrika Mashariki” tungepata orodha.

Sisi tuliokwenda chuoni tulifundishwa hivyo hivyo. Mwalimu hakutufungulia msahafu mzima akasema soma. Alituandikia alifu, na tukakaa na alifu mpaka tukaijua. Kisha tukaingia katika juzuu ya Amma, zile sura fupi za mwisho, na ndizo tunazozisali hadi leo. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mwalimu yule anadharau Kurani kwa kuanza na sura ya aya tatu.

Yako mambo ya kuchunga. Si kila mlango uko wazi kwa kila mtu. Kijana mwanamume akichagua unyago ataambiwa yale wanayoambiwa wanaume, na atayaandika akidhani amefika ndani. Pia yako mambo ya uganga na ya nyumba za watu ambayo mzee akiyasema leo atajuta kesho. Mwenye adabu huweka kalamu chini. Na mzee aulizwe kwa utaratibu. Tumewahi kumwona mwanafunzi mmoja akiingia uani, bila hata ya kutoa shikamoo iliyonyooka, akafungua daftari na kusema, “Bibi, naomba unieleze utamaduni.” Bibi akamtazama, akamwambia, “Mwanangu, ngoja nimalize kuchambua mchele.” Akamaliza, akaingia ndani, hakutoka. Lau angemuuliza juu ya ungo uliokuwa mikononi mwake, nani aliyeusuka na kwa ukindu wa wapi, tunaamini wangezungumza mpaka magharibi.

Tunawaomba walimu wasiyakatae maswali madogo. Tunaomba pia wanaopanga namna ya kusahihisha waweke alama za mtu aliyeulizwa, mahali palipotembelewa na kitu kilichohesabiwa, ili mtoto aliyetoka nje asipate chini ya aliyekaa kitandani. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Tanganyika, alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na akaeleza kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni kundi la watu lisilo na roho. Maneno hayo hunukuliwa katika ukurasa wa kwanza wa karibu kila insha tuliyosoma. Ni katika kurasa zinazofuata ndipo tunapoitafuta hiyo roho na kuikosa.

Wala muda si mwingi. Disemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit el Ajaib ilipoporomoka, mji mzima ulisikia, na dunia nzima ikaambiwa. Palipatikana wataalamu na mipango ya kulijenga upya. Mzee anapoondoka na hesabu yake ya miongo, husikika kisomo cha hitima tu.

Baada ya kumaliza kazi yetu tulikwenda kumtafuta msichana wa kanga, kwa nia ya kumpongeza na kumwomba atupeleke kwa bibi yake tuione ile kanga ya herufi za Kiarabu. Tulimkuta nyumbani kwao. Bibi amefariki mwezi wa Rajabu. Kanga, kwa mujibu wa ada, zimegawiwa mabinti na wajukuu, baadhi zimetolewa sadaka, na ile kongwe hakuna aliyeweza kutuambia kwa hakika imekwenda kwa nani. Orodha yake yote, moja baada ya nyingine, pamoja na jina la kila aliyezitoa, imo katika zile kurasa nane, zenye alama thelathini na nane kwa mia.